Ngazi ya Vidato Vitatu

Katika kanisa lile mtu hakupewa ushemasi kabla ya kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa si kitu. Kama hakuwahi, kamati ilimsaidia.

Utaratibu huo uliletwa na Mkufunzi. Alikuja kuendesha semina ya wiki mbili iitwayo Tambua Thamani Yako, naye akakaa hadi mwaka wa tatu, kama mgeni asiyejua kuaga. Ndiye aliyebuni Fomu ya Ushuhuda, yenye sehemu tatu: Shimo, Mkono na Kilele. Shimo lilitengewa ukurasa mzima na nusu, Kilele ukurasa mmoja. Mkono, ambao ndio wa Mungu mwenyewe, ulipewa mistari minne, na maelezo yaliyochapwa pembeni yalisisitiza kwamba isizidi.

Ili waumini wasipate taabu ya kufikiri, seremala wa kanisa aliagizwa kutengeneza ngazi ya mbao yenye vidato vitatu. Cha chini kilipakwa rangi nyeusi, cha kati kijivu, cha juu rangi ya dhahabu. Shahidi alisoma Shimo akiwa amesimama juu ya cheusi, akahamia cha kijivu kwa muda wa mistari yake minne, kisha akakwea kwenye dhahabu, na huko ndiko alikovishwa kanzu nyeupe ya shemasi. Kila alipoinua mguu, kanisa zima lilipaza sauti: "Panda! Panda!" Muuza vipuri mmoja, mtu mnene mwenye haya, alitubu juu ya kidato cheusi ulevi wa miaka saba ambao mkewe aliusikia kwa mara ya kwanza papo hapo, pamoja na watu mia nne. Leo ni shemasi. Mkewe bado humtazama kwa mashaka kila anapochelewa kurudi.

Kanzu hizo nyeupe zilifuliwa na Dobi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kwa miaka tisa alikuwa ameketi benchi la mwisho, karibu na kabati la mifagio. Jina lake lilikuwapo kwenye daftari la washiriki, lakini hakuna aliyejisumbua kulitafuta. Hata katika maombi walisema, "Tumkumbuke Dobi, anaumwa mgongo." Kila Jumatatu alibebeshwa fungu la kanzu, kila Ijumaa akazirudisha zimenyooka kama karatasi, na mara zote alipokewa mlangoni na kuishia mlangoni.

Alijifariji kwa njia yake. Huwezi kufua nguo za watu miaka tisa usiwajue. Alijua kola ya nani hukusanya utando mweusi katika saa mbili za ibada, kikwapa cha nani kimegeuka manjano kisichotakata tena, na nani hupenga kamasi kwa mkono wa kanzu huku akisujudu. Mkufunzi alipopaza sauti juu ya usafi wa moyo, Dobi alikaa kule nyuma akiikumbuka kola ya mwalimu huyo, akatabasamu peke yake. Ndiyo iliyokuwa starehe yake, na aliitunza vizuri. Lakini hakujidanganya. Alividharau vichwa vilivyoingia katika kanzu zile, na wakati huohuo aliitamani kanzu kiasi kwamba siku moja, akiwa peke yake chumba cha pasi, aliivaa ya muuza vipuri akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Ilimpwaya. Akaivua upesi, akajidharau yeye sasa, kwa zamu yake.

Kwa hiyo alipojaza fomu akaitwa ofisini, alikwenda akiwa amenyoa ndevu.

"Ndugu Dobi, nimelisoma shimo lako," alianza Mkufunzi, ameishika fomu kwa ncha za vidole viwili. "Niseme kweli? Hili si shimo. Hapa hata kuku anatoka."

Katibu wa kamati, mama mmoja mwenye penseli sikioni, alicheka ndani ya makaratasi yake.

"Ndiyo maisha yangu, mtumishi," alisema Dobi.

"Maisha yana kona. Tuzitafute. Pombe?"

"Sijapata kuonja."

"Hata siku ya harusi yako?"

"Nilikunywa soda."

"Wanawake?"

"Ninaye mmoja. Ndiye huyo anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya."

"Ugomvi? Kupigana?"

"Niliwahi kupigwa."

"Sasa tunaanza! Na nani?"

"Na mwajiri wangu wa kwanza. Niliiunguza suruali yake."

Mkufunzi alishusha pumzi. "Ndugu yangu, hiyo ni ajali kazini. Haya, nieleze basi, Bwana ulikutana naye wapi?"

Hapo Dobi aliona amepata la kusema. Alieleza kwamba alikuwa na miaka kumi na mmoja, amerudi shuleni akilia kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa povu. Mama yake alikuwa ameinamia karai, anafua nguo za watu. Hakuuliza ni nani wala wanakaa wapi. Alimshika kichwa kwa mikono yake iliyolowa, akaomba kwa sauti: "Bwana, huyu ni wako kabla hajawa wangu. Mwambie mwenyewe."

"Na akaniambia," Dobi alimalizia. "Sikusikia sauti. Lakini nililala nikijua mimi ni wa nani."

Katibu alikuwa ameacha kucheka.

"Nzuri," alisema Mkufunzi. "Nzuri sana. Ila haina kishindo. Watu hawawezi kupigia makofi povu." Akageuza fomu. "Baba yako je?"

"Simjui."

Macho ya Mkufunzi yakang'aa kama ya mtu aliyeona kitu kinachometameta barabarani kabla ya wenzake. "Hamjui! Dada Katibu, andika. Tulikuwa na dhahabu hapa tunazunguka na suruali!"

Kwa nusu saa walilichimba shimo. Dobi alikaa katikati yao akitazama linavyozama, na lilipofika kina cha kuridhisha, Katibu alilisoma: "Nilizaliwa katika uchafu, na mwanamke asiye na thamani. Mama yangu aliishi kwa uchafu wa wanaume wa watu, na baba yangu hata yeye hamjui."

"Lakini mama alikuwa anafua nguo zao," alisema Dobi.

"Tumesema nini? Uchafu wa wanaume. Hizo nguo zilikuwa safi?"

"Watu watafikiri kitu kingine."

"Wakifikiri, ni wao. Sisi hatujasema."

"Na baba anamjua. Ni mimi nisiyemjua. Yule mtu alihama mji."

"Ndugu Dobi," Mkufunzi aliinama mbele, sauti imelainika, "wewe ni hazina. Wewe ni mteule. Miaka tisa Mungu amekuficha nyuma ya mifagio. Unajua watu wangapi watajiona katika shimo lako? Au unataka kanzu ivaliwe na mwingine, wewe uendelee kuinyoosha?"

Dobi alijua amevishwa kilemba cha ukoka. Alikijua, akakiona kinavyofungwa raundi baada ya raundi, na bado akainamisha kichwa kikae vizuri. Akatia sahihi.

Nyumbani, mkewe aliisoma karatasi amesimama kando ya meza ya pasi.

"Huyu ni mama mkwe wangu wanayemwandika hivi?"

"Ni namna ya kusema."

"Namna ya kusema. Kwa hiyo mimi nimeolewa na mtoto wa nani, mume wangu? Maana hapa sioni dobi, naona mambo mengine."

"Mama hasali kwetu. Hatasikia."

Mkewe aliikunja karatasi mara mbili. Naye alikuwa na tamaa yake. Miaka tisa alikuwa ameimba nyuma ya wake wa mashemasi, ambao humsimamisha mlangoni ili awashikie pochi. "Kama hatasikia," alisema hatimaye, bila kumtazama, "basi soma haraka hilo Shimo."

Mpango huo wa aibu ungeweza kufaulu, kama si Katibu kufika siku ya Alhamisi akiwa na uso wa furaha.

"Nimekuletea habari njema, kaka! Nimekwenda mwenyewe kwa mama yako kumwalika. Atakuja Jumapili. Tutamsimamisha pale chini, kando ya kidato cheusi, wewe ukipanda watu wamwone alikobaki. Mkufunzi amelia alipolisikia wazo hilo."

Dobi alikuwa ameshika pasi. Hapo palikuwa pahali pa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto hulitamka. "Sawa," alisema.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mama yake kwa nia ya kumzuia. Alimkuta ameketi mbele ya nyumba yake ya vyumba viwili, anakaza kifungo cha gauni la kijivu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyopinda viungoni na ulimi ambao haukupinda. Kikanisa chake kilikuwa mtaa wa pili, chenye watu wasiozidi thelathini na mchungaji aliyekuwa fundi baiskeli siku za kazi.

"Karibu, shemasi," alimwambia.

"Bado, mama."

"Utakuwa kesho. Yule mama wa penseli kaniambia nitasimama mbele. Nikamuuliza, mimi nimefanya nini? Akasema, wewe ndiye mwanzo wa ushuhuda." Alikata uzi kwa meno. "Nikasema basi, hao watu wana akili kuliko nilivyowadhania. Maana mimi niliwadhania wapumbavu."

Dobi alilitazama gauni lile. "Ni mbali, mama. Na ibada yao ni ndefu. Unaweza kupumzika tu."

"Nimechoka nini? Mwanangu anavaa kanzu, mimi nilale?"

Hakuweza. Badala yake, ili apate upande wa kutokea, alianza kumchekesha. Alimsimulia kola ya Mkufunzi: kwamba ukiiloweka saa nzima, maji yanakuwa chai, kwamba mtu yule hufundisha usafi huku shingo yake ikifundisha kingine.

Mama yake hakucheka. Aliweka sindano chini.

"Nguo hiyo alikuletea uifue au umsome?"

"Ni utani tu, mama."

"Miaka thelathini na sita nimefua. Mashuka ya wagonjwa, suruali za walevi, nguo za ndani za mabibi wasionisalimu njiani. Unajua ni mangapi nimeyaona? Ulishanisikia namtaja mtu kwa doa lake?"

"Hapana."

"Basi. Doa ni kazi yangu; mtu ni wa mwenyewe aliyemuumba. Nilidhani nilikufundisha." Akaichukua tena sindano. "Mtu mzima unajipima kwa kola za watu. Ndiyo ukubwa huo? Hebu nishikie hapa nyuma, nione kama limekaa sawa."

Akamshikia gauni. Lilikaa sawa. Akaondoka bila kusema lile lililomleta, na njia nzima alijiita majina ambayo hayawezi kuandikwa.

Jumapili kanisa lilijaa. Ngazi ilikuwa imefutwa vumbi na kuwekwa katikati, mbele ya meza ya Bwana, ambayo siku hiyo ilikuwa imeandaliwa chini ya kitambaa cheupe. Mkufunzi alitangaza kwamba leo watashuhudia mtu akiokotwa jalalani kwa macho yao. Kisha Katibu akamwongoza mama yake Dobi kwa kiwiko, akamsimamisha kando ya kidato cheusi. Mama alisimama wima katika gauni lake la kijivu, mkoba mbele, akiwatazama watu mia nne kama anayekagua nguo zilizoanikwa na mtu mwingine.

Dobi alikanyaga kidato cheusi. Sasa kichwa cha mama yake kilikuwa usawa wa kifua chake. Akaifungua karatasi.

"Nilizaliwa katika uchafu," alisoma.

"Mungu wangu!" waliitikia wanawake wa mbele, walio na mazoea.

"Na mwanamke asiye na thamani."

Kanisa likaguna kwa utamu. Dobi hakuwa amepanga kumtazama mama yake, lakini alimtazama. Hakulia, wala hakuinama. Aligeuza uso taratibu, akamwangalia mwanawe kwa macho yaleyale ambayo miaka yote aliwaangalia wateja walioleta nguo wakakana kwamba ni zao. Aliyatambua. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja yatamwangukia yeye.

Mstari wa tatu ulikuwa unamngoja kwenye karatasi, ule wa uchafu wa wanaume wa watu. Kinywa kilikuwa kimeshajipanga. Ndipo alipojiuliza, kwa mara ya kwanza bila kumcheka mtu, anachopanda kukichukua kule juu ni nini. Walimwahidi kumpa thamani. Lakini kama thamani hiyo iko kwenye kidato cha tatu, basi yule aliyemwambia kando ya karai kwamba yeye ni wake alimdanganya, na hakumdanganya. Jambo hilo alikuwa analijua kwa miaka thelathini na mitatu. Amelibeba mfukoni, akazunguka nalo akiomba apewe lingine.

"Siendelei," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa wazi, walisikia wote.

"Adui anapigana naye!" Mkufunzi alidaka haraka. "Kanisa, msaidieni! Panda, ndugu, panda!"

"Panda! Panda!" Watu mia nne walisaidia. Wengine walipiga mabenchi.

Dobi aliteremka. Hakikuwa kitendo cha kishujaa. Karatasi ilimponyoka ikateleza chini ya ngazi. Alisimama sakafuni, kando ya mama yake, akangoja kelele zipungue. Zilichukua muda, maana wengi walidhani ni sehemu ya mpango.

"Mistari miwili niliyosoma ni ya uongo," alisema. "Huyu ni mama yangu. Amefua nguo. Hakufanya kingine, na hata angefanya, msingeambiwa na mimi. Pale nilipozaliwa hapakuwa shimo. Palikuwa na karai na kamba ya kuanikia, na hapo ndipo Kristo aliponipata, nikiwa mtoto, kwa kuombewa na huyu. Sina pa kupanda. Miaka tisa nimekaa kule nyuma nawadharau kwa sababu ya kola zenu, kisha nikaja kumdharau mama yangu ili nifanane na ninyi. Hiyo ndiyo dhambi yangu, kama mlikuwa mnataka dhambi. Nimeitenda wiki hii."

Hakuna aliyejua apige makofi au la. Watu walimtazama Mkufunzi, nao uso wa Mkufunzi ulikuwa umefunga kama duka. Katibu alikuwa ameinama, anaitafuta ile karatasi chini ya ngazi, labda kwa kupenda utaratibu, labda kwa aibu. Kwenye kwaya, mke wa Dobi alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Kaka huyu ataombewa," alisema Mkufunzi, kavu. "Kanzu hiyo iwekwe. Tuendelee na meza ya Bwana."

Dobi na mama yake walitembea hadi benchi la mwisho. Watu walivuta magoti kuwapisha kana kwamba wamemwagikiwa kitu. Walipoketi, mama aliweka mkoba mapajani, akatazama mbele.

"Mistari miwili," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nilikuwa nahesabu. Nikasema, akifika wa tatu, simjui. Miwili nimeisikia mbele ya watu wote hawa."

"Nisamehe."

"Usinisumbue. Nina hasira. Nitakusamehe nikifika nyumbani nikavua viatu."

Kitu kimoja kilimshangaza Dobi: aibu ilikuwapo, nzito, ameistahili yote, na hata hivyo hakujiona mdogo. Alijiona tu kama mtu aliyekosa, tena mtoto aliyemkosea mzazi wake. Hakuona haja ya kumtafutia yeyote kola.

Mashemasi walipita na sinia, safu baada ya safu. Benchi la mwisho likamwangukia muuza vipuri. Alipofika kwa Dobi alisita. Fomu haikusema lolote kuhusu mtu aliyeteremka. Sinia likabaki juu, kifuani kwake, naye akageuza shingo kule mbele, akimtafuta Mkufunzi kwa macho ili aone kama atatikisa kichwa au la.

"Unamtazamia nini yule, baba?" mama aliuliza, na hakuuliza kwa kunong'ona. "Mkate ni wake?"

Muuza vipuri alifikiri. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya kola. "Hapana, mama," alisema, taratibu, kama mtu anayelisikia jibu wakati uleule anapolitoa. "Si wake."

"Basi shusha. Mkono wa mwanangu haufiki huko."

Akashusha sinia. "Mwili wa Bwana, uliotolewa kwa ajili yako," alisema, yaleyale aliyomwambia mwenyekiti wa kamati na wake wa mashemasi, hakupunguza neno. Dobi akachukua kipande chake. Akakishika, macho yamemlowa, hakujua kama anastahili kukitia kinywani na mzazi wake ana hasira naye hivi.

Mama yake alimpiga kiwiko.

"Kula," alisema. "Hicho umepewa na Mungu. Yangu mimi na wewe yanakungoja nyumbani."